Klachi Iliyoganda kwenye Trekta Kongwe

Swali: Gia za Massey Ferguson 135 iliyokaa msimu mzima bila kazi zinakwaruza hata pedeli ya klachi ikikanyagwa hadi chini. Je, ni lazima ifunguliwe?

Jibu: Si lazima, kwa kuwa dalili hiyo ni ya klachi isiyoachia, ambayo huweza kusababishwa na mchezo wa pedeli, yaani mwendo wake mtupu kabla ya kuisukuma klachi, ambao ukizidi hurekebishwa tu. Mchezo ukiwa sawa, huenda klachi pleti, sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, imeshikana kwa kutu na flaiwili, gurudumu zito linalozungushwa na injini. Pedeli ikikandamizwa kwa gongo usiku kucha, injini ikiwa imezimwa, mara nyingine pleti huachia. Ikishindikana, fundi atenganishe injini na giaboksi, na asifunge pleti mpya kabla ya kukagua sili ya nyuma ya kranki, kwani ikivuja, mafuta yataifanya pleti hiyo iteleze.