Bei ya Haki si Sadaka



Amri ya saba yatukataza wizi. Wengi wetu, tusikiapo neno hilo, humfikiri mtu avunjaye mlango usiku. Lakini yuko mwizi mwingine, aibaye mchana kwa mizani, mbele ya macho ya mwenye mali, kisha humuaga kwa heshima. Tumtazame leo katika biashara ya kahawa.

Sisi wa Uvira twakaa pwani ya Tanganyika, penye joto, penye mihogo na michikichi. Kahawa ya arabika hupenda baridi ya milimani. Lakini maji ya Ruzizi yaingiayo katika ziwa letu yatoka Ziwa Kivu, na kando ya ziwa hilo wakulima wadogo wengi huishi kwa kahawa. Hao ni jirani zetu.

Katika miaka ya vita, wanunuzi wema walikuwa haba. Mchuuzi alikuja na mizani yake na bei yake, naye mkulima akakubali, kwa kuwa watoto walikuwa na njaa. Wengine walipakia magunia katika mitumbwi usiku, wavuke kwenda Rwanda kutafuta bei bora. Wengi walizama, wakaacha wajane na yatima.

*Swali: Mkulima mwenyewe aliikubali bei. Dhambi iko wapi?*

Jibu: Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi akubaliye mshahara duni kwa kuogopa mabaya zaidi amedhulumiwa. Basi ndivyo ilivyo na bei ya mazao: ndiyo ya mwenye njaa haigeuzi dhuluma kuwa haki.

*Swali: Wakulima wafanye nini?*

Jibu: Waungane. Mwaka 2003, huko Minova, wilayani Kalehe, ulianzishwa ushirika uitwao SOPACDI, na miongoni mwa wanachama wake wamo wajane. Baadaye walipata kiwanda cha kuoshea kahawa. Matunda mekundu humenywa siku ileile yachumwapo, huchachushwa, huoshwa, kisha huanikwa juu ya meza. Kahawa iliyotunzwa hivyo huuzwa kwa bei kubwa kuliko ile iliyokaushwa ovyo.

Ushirika huo uliingia pia katika utaratibu wa biashara ya haki uitwao Fairtrade. Tangu Agosti 2023, kwa utaratibu huo, arabika iliyooshwa hainunuliwi chini ya dola 1.80 kwa ratili. Soko likipanda kupita hapo, mnunuzi hulipa bei ya soko. Juu yake huongezwa senti 20, na wanachama wenyewe hukata shauri mkutanoni zitumike kwa kazi gani.

*Swali: Je, kwa hiyo dhuluma imekwisha?*

Jibu: La. Fedha hizo hulipwa kwa ushirika, si mkononi mwa kila mkulima. Karani apunguzaye uzito, au mweka hazina afichaye hesabu, amrudia yule mchuuzi wa zamani. Na mkulima achanganyaye matunda mabichi na mabivu, naye awaibia wenzake.

Tukumbuke basi: anayemlipa mkulima bei ya haki hakumpa sadaka, amelipa deni. Sadaka huanza baada ya deni kulipwa.

*Ya kujiuliza nyumbani:* Mizani yangu sokoni, ya ndagala au ya unga, yasema kweli? Nani aliyekubali bei yangu kwa sababu ya njaa tu?