Siri ya Mama na Mali ya Nyumba: Filamu ya The Reckless Moment Isomwapo Kutoka Bugarama

1.0 Utangulizi
Makala hii inachunguza dhamira ya mama mlinzi wa familia katika The Reckless Moment (1949), filamu ya uhalifu iliyoongozwa na Max Ophüls kutokana na riwaya ya Elisabeth Sanxay Holding, The Blank Wall (1947). Hoja yake ni kwamba kiini cha mgogoro si maiti, bali ni mamlaka ya mwanamke juu ya mali. Hoja hiyo hudhihirika zaidi filamu isomwapo kutoka Bugarama, mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu.

2.0 Msuko
Lucia Harper (Joan Bennett) anaikuta ufukweni maiti ya Darby, mpenzi wa bintiye Bea. Akidhani bintiye ndiye aliyeua, anaipakia mashuani na kwenda kuitupa. Baadaye Donnelly (James Mason) anatokea na barua za Bea, akidai dola 5,000. Mume yuko Berlin kikazi. Lucia anahangaikia mkopo, na hatimaye anaweka rehani vito vyake. Hata hivyo fedha hazitoshi.

3.0 Mtazamo wa Bugarama
Katika maeneo ya machimbo, mume hufuata rashi, akafanya kazi duarani mbali na kwao; mke hubaki na watoto, shamba na madeni. Kwa hiyo mume asiyeonekana katika filamu hii si mgeni kwa hadhira hiyo. Tofauti iko katika sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kumiliki mali na kufunga mikataba. Fauka ya hayo, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu (1983), Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitambua kazi za nyumbani kuwa ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Hata hivyo, haki isiyo na hati mkononi haikopesheki: iwapo kiwanja kimeandikwa jina la mume, na mume hayupo, mama hurudi pale pale alipo Lucia.

4.0 Hitimisho
Donnelly anakufa akiwa amejitwisha hatia. Lucia, akibubujikwa na machozi, anamhakikishia mumewe kwa simu kuwa nyumbani ni salama. Siri hiyo inaiokoa familia. Papo hapo inaulinda utaratibu uliomwacha mama peke yake.