SOMO: ALAMA YA TATU HAIPO



Somo la safari hii limetokana na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, na wazee wenzangu, na wanakwaya, na hata vijana ambao tungedhani wanayajua mambo ya simu kutushinda. Swali ni hili: Je, ni kweli kwamba serikali inasoma kila neno tunaloandika katika simu zetu?

Wengi wanaouliza wamekwisha kupokea ujumbe mmoja unaotembea katika makundi ya WhatsApp. Ujumbe huo unasema kwamba kuanzia kesho kutakuwa na kanuni mpya za mawasiliano, simu zote zitarekodiwa, na kila simu itaunganishwa na mitambo ya wizara. Kisha unatoa maelezo ya alama. Eti ukiona alama tatu za bluu, serikali imeuona ujumbe wako. Mbili za bluu na moja nyekundu, yaweza kukuchukulia hatua. Zikiwa nyekundu zote tatu, kesi imekwisha funguliwa na hati ya kukuita mahakamani iko njiani.

Ujumbe huo ni uongo, tena uongo mzee. Umepita India, umepita Ghana, umepita kwa jirani zetu wa Kenya. Kila unapofika hubadilishwa jina la wizara tu, na ile kesho inayotajwa haijafika mpaka leo.

Sisi tuliosahihisha madaftari kwa wino mwekundu tunaijua vizuri alama ya vema, ile ambayo vijana wanaiita tiki. Katika WhatsApp, alama moja maana yake ujumbe umeondoka katika simu yako. Alama mbili za kijivu, umefika katika simu ya mwenzako. Zikigeuka bluu, ameufungua. Basi. Alama ya tatu haipo, na nyekundu haipo. Tena hebu tufikiri kidogo: ni mpelelezi gani anayemchunguza mtu kwa siri, kisha akamwekea alama ya kumjulisha kwamba anachunguzwa?

Lakini somo haliwezi kuishia hapo, maana ujumbe huu umezaa madhara ya namna mbili zinazopingana. Mama mmoja jirani yangu alimkatia simu mwanawe aliyekuwa akimweleza habari za bei ya mahindi, kwa kuogopa kwamba maneno ya bei ni maneno ya siasa. Huyo amenyamazishwa na hofu ya kitu kisichokuwapo. Upande wa pili yuko kijana aliyeniambia, kwa kujiamini kabisa, kwamba yeye huandika lolote kwa kuwa hajapata kuona alama nyekundu. Huyo naye anajiona salama kwa sababu ya kitu hicho hicho kisichokuwapo. Basi yafaa tujue mambo yalivyo hasa.

Wengi wetu tunakumbuka jinsi barua zilivyosafiri zamani. Ile ya posta ilitiwa katika bahasha ikabandikwa gundi. Ile ya haraka ilikabidhiwa kondakta wa basi la kwenda Njombe au Mbeya, mara nyingi ikiwa imekunjwa tu, na kondakta akipenda aliisoma njiani. Maongezi ya simu ya kawaida na ujumbe mfupi wa kawaida yanafanana na barua ya kondakta. Yanapita katika mitambo ya kampuni ya simu, na mwenye mitambo ana uwezo wa kuyafikia. Ujumbe wa WhatsApp umo ndani ya bahasha. Tangu Aprili 2016 kampuni hiyo inaufunga kila ujumbe kwa namna ambayo funguo zinakaa katika simu ya aliyeandika na simu ya aliyeandikiwa peke yake. Anayeukamata njiani, awe kampuni ya simu, mwizi au serikali, anaona herufi zilizovurugwa zisizosomeka.

Hata hivyo bahasha huandikwa kwa juu. Jina la mpelekaji linaonekana, la mpokeaji linaonekana, na muhuri wa posta unaonyesha mahali na tarehe. Vivyo hivyo kampuni ya simu, bila kusikia neno lolote, inajua namba gani imepigiwa namba gani, saa ngapi, kwa muda gani, na ni mnara upi uliopokea simu hiyo. Na namba siku hizi ina jina. Uandikishaji wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikuandikishwa zilianza kuzimwa. Waliopanga foleni kutafuta namba ya NIDA katika baridi yetu hii hawajasahau.

Tena bahasha ikifika, hufunguliwa. Hapa ndipo watu wengi wanapojisahau. Ujumbe uliotumwa katika kundi la watu 200 ni barua 200 zilizofunguliwa. Hakuhitajiki mtambo wa wizara. Anahitajika mwanakundi mmoja tu, aliyeudhika au aliyeogopa, wa kuupiga picha ujumbe wako na kuupeleka anakotaka. Sisi tuliokulia enzi za balozi wa nyumba kumi, alipokuwa akiarifiwa kila mgeni aliyelala kijijini, twajua kwamba habari za mtu hutoka kwanza kwa jirani zake.

Sasa tuje kwenye sheria. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa mawasiliano yake ya binafsi, na ibara ya 18 inampa uhuru wa maoni na wa kuwasiliana. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inawakataza wafanyakazi wa kampuni za simu kutoa habari za mteja ovyo, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba 2015, ilimpa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru upekuzi na kuchukuliwa kwa simu au kompyuta, na uwezo wa kumwamuru mtu yeyote aliye na taarifa zinazohitajika katika upelelezi azitoe. Amri hiyo haikulazimika kupitia kwa hakimu. Mimi naona uwezo huo ni mkubwa mno kuachiwa ofisi moja. Upekuzi wa barua za mtu ulipaswa kupimwa kwanza na mahakama, kwa faida ya raia na kwa faida ya polisi mwenyewe, ambaye siku moja atadaiwa kueleza kwa nini aliutumia.

Uwezo huo umekwisha kutumika. Desemba 2016 alikamatwa Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, jukwaa ambalo watu huandika bila kutaja majina yao. Polisi walitaka taarifa za baadhi ya waandishi wa humo, na yeye akashitakiwa kwa kuuzuia upelelezi. Mashauri yaliendelea kwa miaka. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimtia hatiani katika kesi mojawapo, faini shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Wapo wanaomlaumu na wapo wanaomsifu. Msomaji aangalie jambo moja: palikuwa na ombi la polisi, jibu la mtu, na hukumu ya mahakama. Hapakuwa na alama tatu nyekundu.

Na yaliyoandikwa hadharani hayana bahasha kabisa. Juni 2016 mkazi mmoja wa Arusha alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyaandika Facebook kumhusu Rais wa wakati ule, John Magufuli. Alipewa faini ya shilingi milioni 7 au kifungo cha miaka 3. Kuandika Facebook ni kubandika karatasi katika mti wa mnadani, na hakuna mtu aliyelazimika kumpeleleza.

Kifungu cha 16 cha sheria ile ya 2015 kinamhusu mtu anayetangaza habari huku akijua kwamba ni za uongo au za kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya watu. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Watu wengi huandika juu ya ujumbe maneno haya: nimeutuma kama nilivyoupokea. Wanadhani wamejitoa. Nimekisoma kifungu hicho mara mbili na sikuona mahali maneno hayo yanapomwokoa mtu.

Nilisema alama ya tatu haipo. Iko lakini alama nyingine, ya kweli, ambayo nashangaa ni wachache wanaoiangalia. Juu ya ujumbe wa WhatsApp uliopokewa kwa mtu na kupelekwa kwa mwingine huonekana mshale mdogo. Ikiwa mishale ni miwili pamoja, ujumbe huo umepita mikono mitano au zaidi tangu kwa aliyeuandika. Yaani anayekuletea hamjui mwandishi, na aliyemletea hamjui vilevile. Ule ujumbe wa kanuni mpya huja na mishale miwili.

Alama hiyo ina historia ya damu. Mwaka 2018 huko India watu kadhaa waliuawa na makundi ya wananchi, baada ya kuenea kwa simu uvumi kwamba wageni fulani ni wezi wa watoto. Ndipo WhatsApp ilipopunguza idadi ya watu au makundi ambayo ujumbe unaweza kupelekwa kwa mara moja. Januari 2019 ikawa 5 kwa dunia nzima, na Aprili 2020, kwa ujumbe wenye mishale miwili, ikawa 1.

Tusiseme kwamba hayo ni ya India. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watu watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji na gari lao likachomwa moto. Walikuwa watafiti wawili na dereva wao, waliokwenda kuchukua udongo wa kupima. Ilidhaniwa kwamba ni wanyonya damu. Uvumi ule ulianza kwa yowe. Na mwezi Januari 2019 mkoa wetu huu wa Njombe ulipita katika kilio cha watoto waliouawa. Vifo vile vilikuwa kweli, na hofu ya wazazi ilikuwa na sababu. Lakini mkumbuke jinsi gari geni lilivyotazamwa siku zile. Ujumbe mmoja wenye namba ya gari isiyo sahihi ungetosha kumuua mtu aliyekuja kununua viazi.

Wengine watasema: basi tungoje taarifa kutoka mahali rasmi. Ni ushauri mzuri, ila nao una mipaka. Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi katika mtandao wa X iliingiliwa na wadukuzi, nao wakatangaza humo habari za uongo, ikiwamo ya kifo cha Rais. Mahali palikuwa rasmi, jina lilikuwa sahihi, habari ilikuwa uongo. Kwa hiyo hata tangazo lenye nembo linafaa kulinganishwa na redio, na gazeti, na ofisi ya kata. Na ziko siku ambazo hakuna cha kulinganisha. Intaneti ilipozimwa nchini siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, ikakaa hivyo mpaka mwanzoni mwa Novemba, watu walibaki na simu za kawaida na masimulizi ya wasafiri walioshuka Makambako. Iliporudi, wengi walipokea ujumbe wa kuwaonya wasisambaze picha zinazoweza kuleta taharuki. Siwezi kumwambia mtu aliyempoteza ndugu kwamba kuuliza habari zake ni uchochezi. Kuuliza ni haki yake. Kupeleka picha ya maiti wa mtu usiyemjua, katika kundi lenye watoto, ni jambo jingine, na hilo halihitaji polisi wa kulikataza.

Limebaki jambo dogo, ambalo kwa watu wa hapa pengine ni kubwa kuliko yote niliyoyaeleza. Laini inaandikishwa kwa kidole. Wako mawakala wasio waaminifu ambao humwambia bibi kizee, weka tena, haijasoma. Anaweka mara ya pili, na mara ya tatu. Kumbe kila mara imeandikishwa laini nyingine kwa jina lake, nayo inauzwa kwa watu wanaotuma zile jumbe za ile hela tuma kwenye namba hii. Polisi wakifuatilia, jina watakaloliona ni la bibi.

Bonyeza *106# katika simu yako, hata kama ni ya tochi, kisha fuata maelekezo. Utaonyeshwa laini zilizoandikishwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni husika, Makambako au Njombe, uitake iondolewe, na usiondoke mpaka umebonyeza tena na kuona imetoka. Ujumbe wa matapeli upeleke kwenda namba 15040, ambayo imewekwa kwa kazi hiyo. Asiyeona maandishi vizuri asaidiwe na mjukuu, ila mjukuu asipewe namba ya siri ya kutolea fedha.