SOMO LA ROBO HII: Mashine ya Usharika Ikiharibika, Tutengeneze Wenyewe au Twende Gereji?



Kati ya miradi ya kujitegemea ambayo sharika zetu zimeipenda kwa miaka mingi, mashine ya kusaga nafaka haikosekani. Pale umeme ulipofika baadhi wamehamia kwenye mota, lakini sharika za pembezoni bado zinasaga kwa injini ya dizeli, na somo hili linazihusu hizo hasa. Swali linalorudi kwenye vikao ni lile lile: mashine ikisimama, fundi wetu aifungue au tuipeleke mjini? Kamati nyingi hujibu kwa neno moja. Wengine husema "wenyewe" kwa sababu ni nafuu, wengine "gereji" kwa sababu ni salama. Majibu yote mawili huleta hasara, kwa kuwa mashine si kitu kimoja.

Tuanze na kinu. Ndani yake zimo nyundo, yaani vipande bapa vya chuma vinavyozunguka kwa kasi na kupiga mahindi mpaka yapite kwenye chekeche. Nyundo hulika pembeni. Huko si kuharibika, ndiyo kazi yake. Nyundo yenye tundu kila mwisho ina pembe nne za kutumia: ya kwanza ikiisha unaigeuza, na kadhalika hadi zote nne ziishe. Kazi hii inataka spana, asubuhi moja na mtu makini. Kumwita fundi kutoka mjini kwa ajili hiyo ni kutupa sadaka za watu. Kuna sharti moja tu: nyundo mpya zifungwe seti nzima, na zinazokaa pande zinazotazamana ziwe na uzito sawa. Mizani ya dukani ya kupimia sukari inatosha. Ukichanganya mpya tatu na kuukuu kadhaa, kinu kitatetemeka na mtetemo huo utakula beringi. Kwa sababu hiyo hiyo, msikubali mtu azichomelee nyundo zilizolika ili "kuziongezea maisha". Chuma kinachoongezwa hakiwi sawa kwa kila nyundo, na bei ya beringi ni kubwa kuliko akiba iliyopatikana.

Chekeche likitoboka, wa kwanza kujua ni akina mama, maana unga unakuwa na chenga. Wasikilizwe. Chekeche la akiba likiwepo stoo, kulibadilisha ni kazi ya muda mfupi, injini ikiwa imezimwa na mkanda umevuliwa. Hilo la kuvua mkanda lisifanyiwe mzaha.

Sasa injini. Jambo linaloua injini nyingi za sharika ni oili iliyochoka, na kubadilisha oili si kazi ya gereji. Kitabu cha mashine husema muda wake. Kwa injini nyingi za aina hii ni kati ya masaa 100 na 250 ya kazi. Kama mnasaga masaa 5 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hayo ni masaa 30. Kwa hiyo injini ya masaa 100 inadai oili mpya baada ya wiki tatu na siku kadhaa, na ile ya masaa 250 baada ya wiki nane hivi. Bila daftari la masaa hakuna anayejua, na "juzi juzi tu" ya mwendesha mashine inaweza kuwa miezi mitano. Kusafisha chujio la hewa ni kazi ya nyumbani pia, na hapa kwenye vumbi la unga inafaa kufanywa mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Vivyo hivyo kubadilisha chujio la dizeli, kukaza mkanda, kutia grisi na kutoa hewa kwenye njia ya mafuta baada ya tangi kukauka.

Mwendesha mashine wenu asimame anapofika kwenye pampu inayosukuma dizeli na nozeli yake. Pampu hiyo imechongwa kwa usahihi mkubwa kiasi kwamba chembe moja ya vumbi inaweza kuiharibu, na kuirekebisha kunahitaji meza maalumu ya kuipimia. Zaidi ya hayo, dizeli inayotoka kwenye nozeli ina nguvu ya kupenya ngozi ya mkono na kuingia mwilini, jeraha ambalo kwa nje huonekana dogo na ndani ni hatari. Mtu huyo apelekwe hospitali mara moja. Kuchonga silinda na kusaga krenkishafti navyo vinataka mashine za karakana. Kwa wenye mota, ndivyo ilivyo kwa kusuka upya nyaya zilizoungua. Hapa kulipa ndiyo nafuu.

Lakini kulipa kuna utaratibu wake. Kabla ya kupakia injini kwenye gari, andikeni dalili: moshi wa rangi gani, ilianza lini, iko masaa mangapi tangu oili ya mwisho. Mjumbe mmoja afuatane nayo. Bei ikubaliwe kwa maandishi, na vipuri vilivyotolewa virudishwe kwenu ndani ya mfuko pamoja na risiti. Fundi mwaminifu hatachukia. Na mnapopiga hesabu ya gereji, ongezeni nauli ya gari na siku ambazo mashine imelala. Akina mama hawasubiri. Hubeba debe kichwani hadi mashine nyingine, na baadhi hawarudi.

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo, kwa maoni yangu, linazidi ujuzi. Ipo mashine inayosimama kwa ajili ya mkanda tu, kwa sababu kuununua kunahitaji sahihi za watu watatu, na mmoja amesafiri. Kamati imtengee mwendesha mashine kiasi kidogo cha matengenezo, akitolee hesabu kila mwezi. Kikizidi hapo, ndipo kikao kiitwe.

Liko pia suala la fundi wa kujitolea. Ni baraka, lakini asiyelipwa huja akipata nafasi, na ni vigumu kumwuliza spana ya namba 17 imekwenda wapi. Mlipeni, hata kidogo. Tusomapo Kutoka 31 tunaona ufundi wa Bezaleli ukihesabiwa kuwa kipawa cha Roho wa Mungu, na sura ya 35 inaeleza kwamba yeye na Oholiabu walijaliwa pia kufundisha. Basi fundi wenu awe na kijana wa kumrithi. Vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ufundi wa mitambo, na karakana za SIDO zinafaa kuulizwa habari za vinu na vipuri.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi la wazi. Injini ya aina ambayo vipuri vyake havipo katika mji wa jirani haitengenezeki nyumbani wala gereji, hata ikiwa ya zawadi. Tuulizeni kwanza. Na katika bajeti ya mashine mpya, sanduku la spana, seti mbili za nyundo, chekeche la akiba na mafunzo ya watu wawili viwemo tangu mwanzo.

Maswali ya kujadili katika kamati:

Daftari la masaa la mashine yetu liko wapi, na nani aliliandika mara ya mwisho?

Someni Luka 14:28-30. Tulipopokea mashine, tulihesabu gharama ya kuinunua tu, au na ya kuitunza?

Mkanda ukikatika leo saa nne asubuhi, nani ana ruhusa ya kununua mwingine kabla ya saa nane?