Namba 17 na Kiatu cha Dhahabu

Swali: George Mpole wa Geita Gold alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu 2021/22 kwa mabao 17. Msimu uliofuata Mayele wa Yanga na Saido wa Simba wakatwaa kiatu cha dhahabu kwa 17 kila mmoja. Hii namba ina nini? (Msomaji, Shinyanga)

Jibu: Orodha ni ndefu kuliko msomaji anavyodhani. Kipre Tchetche wa Azam aliongoza kwa 17 msimu wa 2012/13, na Simon Msuva wa Yanga vilevile 2014/15.

Sasa hesabu. Tangu 2012/13 hadi 2022/23 ni misimu 11, na idadi ya kinara haikushuka chini ya 14 (2016/17) wala kuvuka 23, ya Meddie Kagere 2018/19. Kati ya 14 na 23 zimo namba 10 tu. Kuku 11 wakiingia matundu 10, lazima tundu moja lilale wawili. Kurudiwa kwa namba, basi, hakuepukiki. Kinachoshangaza kidogo ni 17 kujitokeza mara nne.

Lakini 17 hizo hazina uzito sawa. Tchetche na Msuva walicheza ligi ya timu 14, yaani mechi 26: bao moja kwa kila dakika 138 za timu. Mpole alikuwa na mechi 30, dakika 159. Hata hivyo, Mayele aliishia 16 msimu huo, akiwa na Yanga mabingwa nyuma yake.

Na Saido? Alianza 2022/23 akiwa Geita Gold, klabu ileile ya Mpole, kabla ya kuhamia Simba katikati ya msimu.