MTOTO WA MGONGONI NA MTOTO WA TUMBONI

Leo tutazungumza juu ya nyumba ambayo mtoto mmoja yuko mgongoni, mwingine anavuta kanga ya mama yake, na mwingine yuko tumboni bado hajazaliwa. Nyumba kama hiyo haitafutwi mbali. Labda ni yako. Labda ni ya jirani yako.

Tuanze na jambo tuliloliona wenyewe. Mwaka mmoja, wakati wa palizi, tulifika katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Viktoria kutembelea darasa la kisomo. Mwanakisomo mmoja, mama wa watoto wawili, alikuwa hajaonekana darasani kwa majuma matatu. Tukaenda nyumbani kwake. Tulimkuta kivulini anamenya mihogo. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Mtoto wake mkubwa, wa miaka minne, alikuwa anakimbiza kuku. Mtoto wa pili, wa mwaka mmoja na miezi minne, alikuwa amelala juu ya mkeka. Hakucheza. Hata tulipomsogelea hakulia, na mtoto wa umri ule akiona mgeni kwa kawaida hulia au hujificha. Miguu yake ilikuwa imevimba. Nywele zake zilikuwa laini na nyekundu nyekundu kama ndevu za mahindi.

Tulimwamkia bibi wa watoto, mama mkwe wa yule mama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmemwona mjukuu wangu? Huyu kabemendwa. Hapo hospitali hawana dawa."

Yule mama akainamisha kichwa, akaendelea kumenya mihogo. Ndipo tulipojua kwa nini haji darasani. Hakuwa mvivu, wala palizi haikuwa imemshinda. Alikuwa anaona aibu.

Neno hili kubemenda wengi wetu tunalijua. Watu husema mama akipata mimba huku ananyonyesha, au baba na mama wakikutana mapema kabla mtoto hajakua, basi mtoto aliyepo anabemendwa: anavimba, anakonda, anaharisha, hatembei. Lawama zote humwangukia mama. Kwa ajili ya lawama hizo mama humficha mtoto ndani badala ya kumpeleka zahanati. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Je, wazee wetu walikosea? Sisi tunaona hawakukosea katika kile walichokiona kwa macho. Waliona kweli kwamba mtoto ambaye mama yake amepata mimba mapema mara nyingi huugua. Walichokosea ni sababu. Na si wazee wetu peke yao walioliona jambo hili. Huko Afrika ya Magharibi, katika nchi ambayo leo ni Ghana, Waga wana neno lao kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi yake na mdogo wake. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliuliza akina mama jina la ugonjwa huo, na mwaka 1935 akaliandika katika gazeti la madaktari. Tangu hapo madaktari wa dunia nzima wanalitumia neno hilo la wanakijiji. Sisi kwa Kiswahili tunauita ugonjwa huo unyafuzi. Waliosoma vitabu vya kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 watakumbuka mambo ya lishe tuliyofundishwa wakati ule.

Basi turudi kwa yule mama. Tulimwuliza polepole, akatueleza. Alipojua ana mimba, mtoto alikuwa na mwaka mmoja na mwezi mmoja. Siku hiyo hiyo akapaka shubiri kwenye matiti. Mtoto akaonja, akalia, akakataa. Siku tatu tu ziwa likaisha. Kuanzia hapo mtoto alikula ugali wa muhogo na mchuzi katika sahani moja na kaka yake. Kaka mtu ana miaka minne na mkono mwepesi. Unafikiri nani alishiba?

Hapo, ndugu msomaji, ndipo sababu ilipo. Mtoto yule aliondolewa maziwa, ambayo ni chakula na kinga, akapewa chakula cha kujaza tumbo tu. Halafu akapata kuhara, na kuhara kukamaliza nguvu kidogo zilizobaki.

Watu huuliza: je, maziwa ya mama mwenye mimba hayajaharibika? Hayajaharibika. Hayageuki sumu. Kadiri mimba inavyokua maziwa huweza kupungua, na ladha yake hubadilika, kwa hiyo watoto wengine huacha wenyewe. Lakini mama mwenye afya njema anaweza kuendelea kunyonyesha, mradi yeye mwenyewe ale zaidi. Mama ambaye mimba zake huharibika, au aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, au anayetokwa na damu, aende kliniki akaulize kwanza. Na mtoto mchanga akishazaliwa, yeye ndiye anyonye kwanza, mkubwa afuate.

Kama ni lazima kumlikiza mtoto, alikizwe polepole. Leo punguza mara moja ya mchana, na badala yake mpe uji. Baada ya siku kadhaa punguza nyingine. Ziwa la usiku liwe la mwisho. Tena usimlikize na kumpeleka kwa bibi yake siku hiyo hiyo. Mtoto anapoteza ziwa na mama kwa pamoja. Hata mtu mzima angeugua.

Sasa tuseme juu ya uji, maana hapa akina mama wengi hudanganyika. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Uji mwepesi kama maji humjaza haraka, lakini ndani yake unga ni kidogo. Uji mzito una chakula, lakini mtoto anashindwa kuumeza, anatema. Tufanyeje? Ipo njia ambayo bibi zetu wanaijua kwa ajili ya pombe: kimea. Chukua ulezi, uloweke usiku mmoja, uchuje, uufunike kwa kitambaa kibichi mpaka uote, siku mbili au tatu. Uanike ukauke kabisa. Upukute na kuupeta mpaka mizizi na vichipukizi vyote vitoke, kisha usage. Unga huo usiupikie uji wote. Pika uji mzito wa kawaida, uipue, uache upoe kidogo, halafu tia kijiko kimoja cha unga wa kimea na ukoroge. Utashangaa: uji mzito unakuwa mlaini wenyewe bila kuongeza maji! Urudishe motoni uchemke tena dakika chache. Tumesema ulezi kwa makusudi, kwa sababu vichipukizi vya mtama vina sumu.

Katika uji huo tia karanga zilizosagwa, au unga wa dagaa waliochambuliwa vizuri, au maziwa, au yai. Kandokando mpe embe, papai au mchicha uliopondwa. Mtoto wa mwaka mmoja ale mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati. Awe na sahani yake mwenyewe. Jambo hili la sahani ni dogo lakini ni kubwa. Sahani yake ikibaki na chakula utajua hakula. Katika sahani ya wote hutajua kitu.

Yule mtoto wa mkekani alipelekwa zahanati kesho yake. Baba yake aliendesha baiskeli, bibi akakaa nyuma na mjukuu. Mhudumu alimbonyeza mguuni kwa kidole, shimo likabaki. Alimpima mkono kwa utepe wa rangi, ule ambao rangi nyekundu ni chini ya sentimita 11 na nusu. Mtoto akapelekwa hospitali, akalazwa, akapewa maziwa maalumu kidogo kidogo mchana na usiku. Msomaji, kumbuka: mtoto aliyevimba miguu yote miwili hatibiwi nyumbani, hata kwa uji mzuri kiasi gani. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Tumesema sana juu ya mtoto. Na mama je?

Chukua kalamu tufanye hesabu. Dumu moja la maji ni lita 20. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mama wa nyumba tuliyoitembelea alikwenda kisimani mara nne kwa siku. Kilo 20 mara 4 ni kilo 80. Kwa siku saba ni kilo 560. Hayo ni zaidi ya magunia matano ya mahindi ya kilo mia moja, yamebebwa kichwani na mama mwenye mimba ya miezi mitano. Tulimwonyesha baba hesabu hii kwenye daftari. Alikaa kimya, halafu akasema, "Mwalimu, mimi nikibeba ndoo kichwani kijiji kizima kitanicheka." Tukamwuliza, "Na ukifunga madumu mawili kwenye baiskeli?" Akacheka mwenyewe. Kwenye baiskeli hakuna anayecheka, kumbe baiskeli ina heshima yake! Tangu siku hiyo maji yalikuja kwa baiskeli.

Mama mjamzito aende kliniki mapema, kabla mimba haijafika miezi mitatu, asingoje tumbo lionekane. Huko atapimwa damu na shinikizo la damu. Atapewa vidonge vya kuongeza damu. Vidonge hivyo hufanya choo kuwa cheusi, lakini hilo si ugonjwa. Asivimeze kwa chai, maana chai hupunguza nguvu yake. Avimeze kwa maji, na chungwa likipatikana ni bora. Mimba ikiingia mwezi wa nne ataanza kupewa dawa ya kuzuia malaria, kila dozi ikipishana na nyingine mwezi mmoja au zaidi. Amweleze mhudumu dawa nyingine zozote anazotumia. Alale ndani ya chandarua chenye dawa, na wadogo walale ndani ya chandarua pia. Wale wanaotamani udongo tunawaambia bila kuwacheka: wengi hutamani hivyo, lakini udongo huleta minyoo na huzuia damu kuongezeka. Mwambie mhudumu, huenda damu yako imepungua.

Akitokwa na damu, akivimba uso na mikono, akiumwa kichwa sana au kuona ukungu machoni, akipata homa kali au degedege, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, asingoje asubuhi.

Tulipokuwa tunaaga, yule mama alitunong'oneza jambo jingine. Mtoto wake mkubwa alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena. Baba amemchapa mara mbili, hakuacha. Tuliwaambia wote wawili: mtoto huyu hafanyi jeuri. Anaona mama amechoka, hambebi, kila mtu anamtazama mdogo wake mgonjwa, na sasa anasikia kuna mwingine anakuja. Hana maneno ya kusema moyo wake, basi anarudi utotoni. Fimbo haitamsaidia. Kaa naye peke yake kidogo jioni. Mtume kazi ndogo anayoiweza, "Niletee kanga ya mdogo wako," halafu mshukuru. Tumbo likicheza mwache aweke mkono wake. Sehemu nyingine mila hairuhusu kumzungumza mtoto ambaye hajazaliwa, na sisi hatulazimishi. Kumpakata mkubwa hakukatazwi na mila yoyote tunayoijua. Hapa baba ana kazi kubwa kuliko mama, kwa sababu mapaja ya mama yana watu wengi.

Jambo la mwisho ni tarehe. Ninyi mnaojua kusoma mna faida hapa. Andika siku ya kwanza ya kuona damu ya mwezi mara ya mwisho. Ongeza siku saba, kisha hesabu miezi tisa mbele. Kama ni tarehe 10 Machi, siku saba zinafanya tarehe 17, na miezi tisa inafika Desemba. Mngojee mtoto karibu na tarehe 17 Desemba. Anaweza kutangulia au kuchelewa kidogo. Ukijua tarehe utajua nauli ianze kuwekwa lini, nani atabaki na watoto, nani atakamua mbuzi.

Na baada ya kujifungua? Wataalamu hushauri mama apumzike angalau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine. Msingoje mpaka mama aone siku zake tena ndipo mwende kuuliza njia za uzazi wa mpango, maana mimba inaweza kuingia kabla hajaziona. Nendeni wote wawili.

Mwaka uliofuata tulipita tena kijijini pale. Mama alikuwa darasani, mstari wa mbele, mchanga akinyonya. Yule wa mkekani alikuwa nje na kaka yake. Alituona, akalia sana, akakimbilia kwa bibi yake.

KAZI YA KUFANYA

Mama mmoja aliona siku zake mara ya mwisho kuanzia tarehe 2 Mei. Atazamia kujifungua tarehe ngapi? Andika jibu kwenye daftari lako. Tutalitoa katika toleo lijalo.

Kisha hesabu madumu yanayoingia nyumbani kwako kwa juma moja. Andika jina la aliyeleta kila dumu. Someni orodha hiyo pamoja, baba na mama.