Kupiga Mahadhi na Kodi Pamoja Katika Ukulele: Maswali na Majibu

Maswali haya ni yale ambayo wanaoanza kujifunza ukulele huyauliza aghalabu, baada ya kuzizoea kodi tatu nne za kufuatisha uimbaji na kuingiwa na hamu ya kukifanya chombo chao kiimbe chenyewe. Mwalimu wa vyombo vya nyuzi ameyajibu kwa ajili ya wenye ukulele wa kawaida, ambao nyuzi zake, tangu wa nne ulio karibu na kidevu cha mpigaji hadi wa kwanza ulio karibu na goti, zimepatanishwa kwa sauti za G, C, E na A.

Swali: Mwalimu, kupiga mahadhi kwa kodi ni kufanya nini hasa, na kuna tofauti gani na upigaji tuliouzoea?

Jibu: Katika upigaji mliouzoea kazi imegawanywa baina ya koo na mkono: koo huchukua mahadhi, yaani ule mfuatano wa sauti ambao msikilizaji huondoka nao akiuvumisha njiani, na mkono hutoa kodi, yaani sauti tatu au nne zilizopatana zikilia kwa pamoja chini ya maneno. Upigaji tunaouzungumzia hapa huviunganisha viwili hivyo katika chombo kimoja, hata mpigaji akiwa amefumba kinywa wimbo husikika mzima, na mwenye kuujua huutambua tangu sauti zake za mwanzo. Wanakwaya watalielewa jambo hili upesi wakikumbuka kuwa katika nyimbo zao sauti ya kwanza ndiyo iliyobeba wimbo, ilhali nyingine tatu huipamba na kuitegemeza. Hapa nyuzi nne huwa kwaya, na sauti iliayo juu kupita wenzake ndiyo ambayo sikio huifuata. Kodi ikikosekana kwa kitambo wimbo haufi, bali mahadhi yakikatika hakuna wimbo tena. Na karibu kila taabu ya mwanafunzi katika elimu hii hutokana na kuipa kodi heshima iliyokuwa haki ya mahadhi.

Swali: Mtindo huu ulianzia wapi?

Jibu: Ukulele wenyewe ulizaliwa Hawaii, lakini asili yake ni ya Kireno. Tarehe 23 Agosti 1879 merikebu iitwayo Ravenscrag iliwasili Honolulu ikiwa imechukua watu wa kisiwa cha Madeira waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa, na miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, ambao baadaye walishika kazi ya kuunda vyombo vya nyuzi. Umbo la chombo kipya walilitoa katika kigitaa kidogo cha kwao kiitwacho machete, na mpatano wa nyuzi ukatokana na ndugu yake aitwaye rajão. Mfalme Kalākaua wa Hawaii akakipenda chombo hicho kipya na kukipa hadhi katika hafla za jumba lake. Mwaka 1906 Ernest Kaai alitoa kitabu cha kufundishia ukulele, naye ndiye anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kupiga mahadhi kamili pamoja na kodi zake. Anayetaka kusikia elimu hiyo ilifika wapi baada ya nusu karne na aitafute sahani ya Lyle Ritz ya mwaka 1957, How About Uke?, asikilize muziki wa jazi ukitoka katika nyuzi nne kwa utulivu na ufasaha wa ajabu.

Swali: Je, huku kwetu tuna cha kujifunzia, au yote ni ya ugenini?

Jibu: Kipo, tena cha thamani kubwa. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi, alilipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, gumba kikishika besi na shahada ikidonoa mahadhi, na katika wimbo wake wa Masanga mtu asiyemwona angeweza kudhani kuwa wamekaa wapigaji wawili. Ukulele hauna besi kama ya gitaa, kwa hiyo kumwiga kidole kwa kidole haiwezekani. Lakini somo lake kubwa, la kwamba mahadhi hayasimami kungoja mkono ubadilishe kodi, ni somo letu pia, nami nawasihi wanafunzi wamsikilize mara kwa mara hata kama hawana gitaa nyumbani.

Kwa upande wa taarabu ningewapa tahadhari. Udi hauna freti, yaani vile vyuma vinavyoikata shingo ya chombo, na baadhi ya maqamu zake, yaani ngazi zake za sauti, zina sauti za katikati ambazo shingo ya ukulele, iliyokwisha kukatwa kwa vyuma, haina mahali pa kuziweka. Fauka ya hayo, udi, kanuni na fidla aghalabu huiandama lahani moja kwa pamoja badala ya kuitandikia kodi. Ukilazimisha wimbo wa namna hiyo katika kodi za F na G utauvunjia uzuri wake. Anayeanza na achague nyimbo za kwaya zilizoandikwa kwa solfa, au nyimbo za kubembelezea watoto, ambazo mwendo wake ni wa taratibu na sauti zake hazirukiruki. Wala asizidharau kwa udogo wake, maana wimbo wa taifa wa Kenya wa mwaka 1963 mahadhi yake yalitolewa katika wimbo wa Kipokomo wa kumlaza mtoto.

Swali: Nianze na nini, ikiwa najua kodi za C, F na G7 tu?

Jibu: Anza na kile ambacho chombo chenyewe hukupa bila ya kukuomba kitu. Gusa uzi wa nne, wa tatu na wa pili pasipo kubonyeza popote: umesikia so, do na mi, do ikiwa ni C, maana yake kodi ya C imekwisha kukamilika na mkono wako wa kushoto haujatenda kazi yoyote. Umebakiwa na uzi wa kwanza peke yake, na huo ndio uwanja wa mahadhi. Ubonyeze katika freti ya 3 upate do, katika ya 7 upate mi, katika ya 10 upate so, na kila mara uteremshe kidole gumba cha mkono wa kuume juu ya nyuzi zote nne, polepole kiasi cha kuusikia kila uzi ukijitaja, kisha kikome katika uzi wa kwanza kwa uzito uliozidi kidogo. Freti ya 5 itakupa re, ambayo si mwenyeji wa kodi ya C, lakini ikipita baina ya do na mi hailiudhi sikio, bali hulitia shauku ya kutaka kujua inaelekea wapi. Kaa katika uzi huo siku kadhaa, ukitunga vifungu vidogo vya sauti tatu nne kwa nafsi yako, wala usiharakishe kuondoka, maana hapo ndipo sikio linapofundishwa kutenganisha kilicho juu na kilicho chini.

Baada ya hapo panda ngazi hii ya sauti tano. La huipata juu ya kodi ya F: kidole cha kati katika uzi wa nne freti ya 2, shahada katika uzi wa pili freti ya 1, na uzi wa kwanza ulie wazi. Ti huipata juu ya G7: shahada ibaki palepale ilipo, kidole cha kati kihamie uzi wa tatu katika freti ileile ya 2, na kidole cha pete kikae uzi wa kwanza freti ya 2. Do huipata juu ya C: inua shahada na kidole cha kati, lakini kidole cha pete kisiondoke katika uzi, bali kiteleze hadi freti ya 3. Re huipata juu ya G7 nyingine iliyo juu zaidi: shahada katika uzi wa pili freti ya 3, kidole cha kati katika uzi wa nne freti ya 4, kidole cha pete katika uzi wa tatu freti ya 5, na kidole cha mwisho katika uzi wa kwanza freti ya 5. Mi unaijua tayari, nyuzi tatu wazi na uzi wa kwanza freti ya 7. Tazama jinsi shahada ilivyokaa bila kusogea baina ya F na G7, na jinsi kidole cha pete kilivyoteleza baina ya G7 na C: mpigaji hodari si yule mwenye vidole vyepesi, bali ni yule ajuaye ni kidole kipi hakina haja ya kuondoka.

Swali: Nikipiga mahadhi katika uzi wa pili au wa tatu wimbo hupotea. Kwa nini?

Jibu: Kwa sababu ya uzi wa nne. Katika gitaa nyuzi hupanda sauti kwa kufuatana, lakini katika ukulele uzi wa nne, ambao kwa desturi ya macho tungeudhani kuwa ndio wa chini, huimba G iliyo juu ya C na juu ya E pia. Huo ndio urithi wa rajão niliyoitaja. Basi ukipiga mi katika uzi wa pili ulio wazi na kuuburuza uzi wa nne pamoja nao, so ya uzi wa nne itapanda juu ya mi yako, na sikio, ambalo daima hufuata kilicho juu, litaisadiki so. Fa hupatwa na msiba huohuo. So ya uzi wa pili, katika freti ya 3, haina madhara, kwa kuwa ni sauti ileile ya uzi wa nne, nazo hulia kwa pamoja kama mtu na pacha wake.

Dawa ziko tatu. Ya kwanza, ambayo ndiyo niipendekezayo kwa anayeanza, ni kuuacha uzi wa nne kimya kila mahadhi yashukapo chini ya so, ukagusa uzi wa tatu na wa pili tu. Kodi ya nyuzi mbili si kodi yenye aibu. Ya pili ni kuupandisha wimbo mzima hadi mahadhi yaangukie uzi wa kwanza. Ya tatu ni kuuondoa uzi wa nne na kutia mwingine mnene wenye G ya chini, na wako mabingwa walioichagua njia hiyo; lakini uzi mnene huenda usiingie vema katika mfereji wake kichwani mwa chombo, ikalazimu fundi aupanue kidogo, na tena utapoteza ule mlio wa kumetameta ambao ndio uliowafanya watu waupende ukulele. Mimi ningemwambia mwanafunzi asiubadilishe uzi kabla hajajifunza kuunyamazisha.

Swali: Nina kodi zote sawasawa, lakini watu wanaonisikiliza hawautambui wimbo.

Jibu: Umeweka kodi nyingi kupita haja. Chukua wimbo wako, uimbe kwa solfa bila chombo hadi usiwe na shaka katika sauti hata moja. Kisha upige mahadhi matupu, uzi mmoja mmoja, kwa mwendo uleule wa kuimba. Kisha tena, ukishasikia kuwa mahadhi yanatembea bila kusita, ongeza kodi katika pigo la kwanza la kila kipimo tu, au pale ambapo kodi inabadilika, na sauti nyingine zote uziache ziende peke yake. Katika kipimo cha mapigo matatu utakuwa na kodi moja na sauti mbili tupu, nayo yatosha. Mahali ambapo kodi inakutaka usimame ili vidole vijipange, iondoe kodi hiyo bila huruma, wala usisimame: msikilizaji hatajua kuwa kodi imekosekana, lakini atajua mara moja kuwa wimbo umekwama.

Swali: Vidole vinauma na sauti inakwaruza. Ni ukulele mbovu?

Jibu: Aghalabu si ukulele. Mahali pa kubonyeza si juu ya chuma cha freti wala katikati ya nafasi, bali ni nyuma tu ya chuma, karibu kukigusa, ambapo nguvu kidogo yatosha. Ama kuhusu ukubwa, ukulele mdogo wa soprano hufaa kujifunzia, lakini mwenye vidole vinene atapata faraja katika wa konseti au wa tenori, kwa kuwa freti za juu huko zina nafasi zaidi. Ule wa baritoni mpatano wake wa kawaida ni D, G, B na E, hivyo maelezo haya hayamfai mwenye nao mpaka ayageuze.

Swali: Nikishazoea kupiga C ikiwa do, nihamie wapi?

Jibu: Nenda F, na sababu yake ni hii: nyimbo nyingi huanza katika so iliyo chini ya do, na ukiwa katika C sauti hiyo haimo ndani ya ukulele wa kawaida, kwa kuwa hakuna uzi unaoshuka chini ya C. Ukiifanya F kuwa do, so ya chini itakuwa ni uzi wa tatu ulio wazi, nawe utakuwa na nafasi ya kupanda hadi do ya juu katika freti ya 8 ya uzi wa kwanza. Kodi utakazohitaji ni F yenyewe, C7 ambayo ni kidole kimoja tu katika uzi wa kwanza freti ya 1, na B bemoli, iliyo ngumu kwa kuwa shahada hulala juu ya uzi wa pili na wa kwanza katika freti ya 1, huku kidole cha kati kikishika uzi wa tatu freti ya 2 na cha pete uzi wa nne freti ya 3. So ile ya kuanzia ipigwe peke yake, maana hakuna uzi ulio chini yake wa kuitegemeza. Kodi ya kwanza iingie penye do, kwa nyuzi mbili tu, wa tatu wazi na wa pili freti ya 1. Na nyuzi zote nne zingoje hadi mahadhi yapande kwenye mi, ambayo sasa ni uzi wa kwanza ulio wazi, na kodi ya F uliyokwisha kuijua itakuwa tayari chini ya vidole vyako.